Mwili wa gita la umeme kwa mkangazi: shajara ya mradi, Juni hadi Oktoba

14 Juni. Ubao

Umbo ni la Telecaster, mchoro wa kampuni ya Fender wa mwanzoni mwa miaka ya 1950: mwili bapa, pembe moja, shingo inayofungwa kwa skrubu 4. Karakana iko Dar es Salaam, na jambo hilo litarudi katika kila hatua, kwa sababu unyevu wa pwani ndio unaoamua ubao ukatwe lini na klia (vanishi angavu ya juu) ipigwe saa ngapi. Shingo imenunuliwa ikiwa na freti zake (vyuma vyembamba vinavyogawa noti). Shajara hii ni ya mwili tu.

Miti mitatu ililinganishwa. Mninga unachongeka vizuri na ukishakauka hautikisiki, lakini una takriban kilo 640 kwa mita ya ujazo, na mwili wa ukubwa huu ungefika kilo 2.5. Mvule una uzito unaokaribia huo, na ndani yake mara nyingine hujificha mawe ya chokaa yanayovunja makali ya ruta (mashine ya kuchonga kwa biti inayozunguka) pasipo onyo. Mkangazi uko kwenye kilo 540 hivi, yaani mwili wa kilo 2.1. Mpiga solo wa bendi ya dansi husimama na gita begani tangu saa tatu usiku hadi majogoo. Gramu 400 begani mwake si kitu cha kupuuza, na ndizo zilizoamua.

Kasoro ya mkangazi ni mishipa iliyopishana. Tabaka moja limelalia kushoto, linalofuata limelalia kulia. Ndiyo inayoupa ule mng'ao wa mistari unaohama ukiugeuza kwenye mwanga, na ndiyo inayonyofoka chini ya randa na ruta.

Ubao umenunuliwa wa inchi mbili kwa nane, futi 4. Sentimita 5 za kila ncha zimekatwa na kutupwa kwa sababu ya nyufa ndogo ambazo huonekana vizuri ukilowesha ncha kwa maji. Vimebaki vipande viwili vya sentimita 48 na kimoja cha sentimita 15. Hicho kidogo kisitupwe: kitapitia kila hatua ya msasa, filla (dawa ya kujaza vitundu vya mbao) na klia siku moja kabla ya mwili.

14 Juni hadi 2 Agosti. Kukausha

Ncha zimepakwa rangi ya mafuta iliyobaki, ili unyevu utoke polepole kupitia nyuso na si kwa haraka kupitia ncha. Vipande vimelazwa juu ya vijiti ndani ya chumba, hewa ikipita chini. Kila Jumamosi vinapimwa kwa mizani ya jikoni. Kipande cha kwanza: gramu 2,790 siku ya kwanza, 2,655 baada ya wiki 2, 2,590 baada ya wiki 4, 2,572 baada ya wiki 6, na 2,569 wiki ya 7. Mabadiliko yakishuka chini ya gramu 5 kwa wiki, ubao umelingana na hewa ya mahali hapa na unaweza kufanyiwa kazi.

Neno la muuzaji kwamba mbao ni kavu lisikuzuie kupima. Gramu 220 zilizopotea hapo juu ni maji ambayo yangetoka baada ya mfuko wa shingo (nafasi mwilini inamokaa shingo) kuchongwa, na mfuko ungelegea.

3 Agosti. Kuunganisha

Upana unaohitajika ni milimita 325, kwa hiyo vipande viwili vinaunganishwa ubavu kwa ubavu na kiungo kinakaa kwenye mstari wa katikati.

Vipande vimebanwa kwenye jiliwa uso kwa uso, na mbavu mbili zikapigwa randa kwa pamoja. Randa ikiinama kidogo haidhuru: vikifunguliwa kama kitabu, kosa la kimoja linafutwa na la mwenzake. Kisha taa ya simu inawekwa nyuma ya kiungo. Mwanga usipenye popote ila katikati, ambako tumeacha kwa makusudi uwazi mwembamba kama unywele. Ncha ndizo hukauka kwanza na kutaka kufunguka, hivyo ndizo zinazotakiwa kubanwa zaidi.

Gundi nyeupe ya mbao, pande zote mbili, klampu 5: tatu chini, mbili juu, zikipishana ili ubao usijikunje kama bakuli. Gundi ikitokeza vitone vidogo kwenye mstari mzima, inatosha. Pasipotokeza kitone, gundi ni haba au ilishaanza kukauka, na hapo ndipo patakapofunguka. Fungua upesi, futa, paka upya.

Klampu zinatolewa baada ya saa 24, lakini randa ya unene isiguse ubao kabla ya siku 7. Gundi hii ina maji, na maji hayo huvimbisha mbao kandokando ya kiungo. Ukiisawazisha ikiwa bado imevimba, itakuja kukauka na kushuka, na mwezi mmoja baada ya klia kukamilika utaona mfereji mwembamba katikati ya gita. Kosa hili ni la kawaida sana, na watu huilaumu klia.

10 Agosti. Unene

Kutoka milimita 50 hadi 45. Nusu milimita ya ziada itamalizwa na msasa, unene wa mwisho ni 44.5.

Randa imepelekwa kishazari, pembe ya nyuzi 45 hivi, chuma kikiwa kimenolewa upya na kutokezwa kidogo mno. Ukienda moja kwa moja kwa urefu, tabaka la kulia litang'oka wakati la kushoto linalainika. Milimita ya mwisho imekwanguliwa kwa kipande cha msumeno wa zamani kilichonyooshwa makali kwa tupa. Kikwanguo kizuri hutoa maranda membamba. Kikianza kutoa unga, kinoe.

11 na 12 Agosti. Kiolezo na umbo

Kiolezo ni cha MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 12. Mchoro wa ukubwa kamili ukichapishwa, hakikisha kwanza rula ya milimita 100 iliyochorwa pembeni inasoma 100 kweli, maana mashine za kuchapishia hupunguza mchoro ili uenee kwenye karatasi. Milimita 97 badala ya 100 ni daraja lililokaa mahali pasipo pake.

Mwili umekatwa kwa bendi-so kwenye karakana ya samani, ukiachwa milimita 3 nje ya mstari. Jigso inaweza, ila kwenye unene wa milimita 45 blade hupinda na upande wa chini huingia ndani ya mstari bila wewe kuona. Ukiwa na jigso tu, acha milimita 6.

Kisha ruta, biti ya beringi ya juu (kigurudumu kinachofuata kiolezo), kiolezo kikiwa kimefungwa kwa skrubu mahali ambapo baadaye patachimbwa (kwenye mfuko wa shingo na chini ya daraja). Gundi ya utepe wa pande mbili peke yake huteleza vumbi likiingia. Mkupuo mmoja usizidi milimita 6 kwa kina. Ruta huzungushwa nje ya mwili kinyume na mwendo wa mishale ya saa.

Hapa ndipo mkangazi unapoonyesha tabia yake. Ukitoka kiunoni kwenda kwenye upana wa mwili, mishipa iliyo mbele ya biti inaingia ndani ya mbao, na ufa ukianza unafuata mishipa hiyo hadi ndani ya mstari wako. Ukitoka kwenye upana kwenda kiunoni, ufa unatoka nje na hauna madhara. Kwa hiyo robo mbili za mzunguko ni salama na mbili ni hatari. Kwenye zile za hatari, geuza mwili chini juu, tumia biti ya beringi ya chini inayofuata kiolezo kilekile, na upande uliokuwa wa kupanda unakuwa wa kushuka. Kubadilisha biti kunachukua dakika 5, na inafaa kufanywa kila mara.

Kwenye ncha ya pembe, kibanzi cha milimita 30 kimenyofoka kabla mwili haujageuzwa. Dawa: zima ruta hapohapo, kitafute kibanzi kwenye maranda kabla hakijakanyagwa, kirudishe kwa gundi ya mbao, kibane kwa utepe, kiache saa 24. Kibanzi chenyewe kina mishipa inayolingana na jeraha lake, hivyo kiungo hakionekani. Unga wa mbao uliochanganywa na gundi, ambao wengi hukimbilia, hubaki doa jeusi chini ya klia.

16 Agosti. Mfuko wa shingo

Upana milimita 56, urefu 76, kina 16. Hivyo ni vipimo vya mchoro, lakini kiolezo cha mfuko kimetengenezwa kwa kuibana shingo yenyewe katikati ya vipande vya MDF, kwa sababu shingo za kununua hutofautiana kwa nusu milimita. Ukiinua mwili kwa kushika shingo kabla ya skrubu, usianguke, wala shingo isihitaji nyundo kuingia. Karatasi moja ya kuandikia ipite ubavuni kwa shida: nafasi hiyo ni ya klia itakayopenya pembeni. Mfuko uliobana kupita kiasi hupasua klia kwenye kona zake siku ya kufunga.

Kabla ya kuchimba chochote kingine, shingo imefungwa kwa klampu na uzi wa kushonea ukavutwa kutoka kwenye mifereji ya nyuzi ya 1 na ya 6 hadi mahali pa daraja. Umbali wa kila uzi kutoka ukingoni mwa ubao wa freti unatakiwa kulingana. Daraja linapangwa kwa kufuata nyuzi hizi, hata kama mstari wa katikati uliochorwa kwa penseli unasema vingine. Kutoka freti ya 12 hadi mahali nyuzi inapokanyaga daraja ni milimita 324, nusu ya 648. Kikanyagio cha nyuzi ya 1 kikae hapo kikiwa kimesukumwa karibu mwisho mbele, maana vingine vyote vitarudi nyuma milimita kadhaa siku ya kurekebisha sauti.

17 Agosti. Mashimo

Sehemu kubwa ya mbao imetolewa kwa biti ya bapa kwenye drili ya kusimama, ruta ikamalizia kuta. Shimo la volyumu na toni lina kina cha milimita 38, chini yamebaki 6.5. Pima kina kila mkupuo. Biti ya ruta iliyosukumwa hadi mwisho wa koleti (kishikio cha biti) huteleza chini yenyewe ikipata moto, na milimita 6.5 si nyingi. Ingiza biti hadi mwisho, kisha irudishe nje milimita 2 kabla ya kukaza.

Mashimo 6 ya nyuzi kupita mwilini yanahitaji subira. Biti nyembamba ya milimita 3.2 ndani ya mishipa iliyopishana huhama milimita moja au mbili hadi itokeze nyuma, na mstari wa vikombe vya nyuma unaonekana kama meno yaliyoota vibaya. Tumetoboa mawili ya pembeni tu moja kwa moja, tukafunga nyuma bamba lenye matundu 6 ya umbali wa milimita 10.8 likifuata hayo mawili, kisha yaliyobaki yakatobolewa nusu kutoka mbele na nusu kutoka nyuma. Yakikutana katikati yakiwa yamepishana kidogo si neno, nyuzi itapita.

Tundu la jeki ni milimita 22. Njia ya waya kutoka mfuko wa shingo hadi shimo la volyumu imetobolewa kwa biti ndefu ya milimita 6. Tundu la waya wa ardhi chini ya daraja lisisahauliwe. Bila hilo gita litanguruma hata ukigusa nyuzi, na kutoboa baada ya klia ni kuiharibu.

23 na 24 Agosti. Kuchonga na msasa

Telecaster ya asili haina mkato wa tumbo. Tumeuongeza: upana milimita 120, kina 18 ukingoni, ukififia hadi sifuri. Mipaka imechorwa pande zote mbili, tupa la mbao likafanya kazi kubwa, kikwanguo kikamaliza. Ukingo umeviringwa kwa milimita 3.

Msasa namba 80, 120, 180, 220, daima juu ya kibao. Vidole vitupu huchimba sehemu laini na kuacha mawimbi yanayoonekana siku ya kung'arisha. Kabla ya kila namba, chora mistari ya penseli mwili mzima. Namba hiyo haijakwisha hadi penseli yote ifutike. Baada ya 180 mwili unapanguswa kwa kitambaa chenye unyevu, malaika wa mbao wanasimama, na 220 inawakata. Ncha za mishipa, yaani chini ya gita na ndani ya mkato wa pembe, ziende hadi 320, vinginevyo zitakunywa zaidi na kuwa nyeusi kuliko kwingine.

Mikwaruzo ya 80 ndiyo huachwa mara nyingi. Haionekani mchana wa jua. Zima taa, shika tochi sambamba na uso wa mbao, nayo itajitokeza.

Barakoa ivaliwe muda wote. Vumbi la mkangazi hukereketa pua, na wanaochagua mvule au mninga wajihadhari zaidi, kwani vumbi lake huweza kuleta pumu.

30 Agosti hadi 6 Septemba. Kujaza vitundu

Mkangazi una vitundu vinavyoonekana kwa jicho. Klia haivijazi: inavifunika, kisha inazama kadiri inavyokauka. Filla ya maji imetiwa rangi ya unga ya kahawia, kivuli kimoja zaidi ya mbao, kwa sababu filla nyeupe hubaki kama unga wa ngano ndani ya vitundu. Inasukumwa kwa kadi ngumu ya plastiki, kishazari, na ikianza kupoteza ung'avu (dakika 10 hivi) inafutwa kwa gunia la katani kukata mishipa. Ukifuta kufuata mishipa unaing'oa kutoka vitunduni. Saa 48, msasa 220, kisha duru ya pili.

Sila (tabaka la kuziba mbao kabla ya klia) mikupuo 2, nusu kwa nusu na thina, msasa 320. Miwili inatosha. Sila ina unga unaoifanya isuguliwe kirahisi, na unga huohuo ukirundikana hufanya tabaka laini lenye ukungu chini ya klia.

7 hadi 10 Septemba. Klia

Klia ya selulosi, nusu kwa nusu na thina, hewa ya baa 2.5, bomba la kupulizia likiwa sentimita 20 kutoka kwenye mwili. Mfuko wa shingo umezibwa kwa utepe. Hakuna jiko la mkaa, sigara wala cheche karibu. Mvuke wa thina hukaa chini na kutambaa sakafuni.

Kipimo cha unyevu ukutani kinasoma asilimia 85 alfajiri na karibu 60 saa nane mchana. Mkupuo wa kwanza wa tarehe 7 ulipigwa saa mbili asubuhi na ndani ya dakika 3 ukawa mweupe kama tui. Sababu ni hii: thina ikiruka inapoza uso wa klia, na hewa yenye maji mengi ikigusa uso uliopoa inaacha umande, nao unanaswa ndani ya klia. Usisugue, usipashe moto. Siku hiyohiyo saa nane mchana umepigwa mkupuo mwembamba wa thina ya taratibu yenye klia kidogo, uso ukafunguka tena, maji yakatoka, weupe ukapotea wote. Tangu hapo kazi ni kati ya saa sita na saa tisa mchana tu, mikupuo 3 kwa siku, dakika 45 kati yake. Jumla ni 9. Ndiyo sababu ratiba nzima imepangwa kiangazi. Wakati wa masika hata mchana haukupi nafasi hiyo.

Maji ya kompresa ni jambo jingine. Kwa hewa ya Dar tangi hujaza maji kila siku, nayo yakipita kwenye bomba huacha vijishimo vya duara kwenye klia. Fungua bolti ya chini ya tangi kila mara kabla ya kazi, na weka chujio la maji karibu na bomba.

Kitone kilichotiririka kiachwe kikauke siku 2, kisha kikatwe kwa wembe uliozungushiwa utepe pande zote mbili, ukabaki wazi katikati. Kukifuta kikiwa kibichi kunabeba tabaka zote.

11 Septemba hadi 10 Oktoba. Kusubiri

Mwili umening'inizwa. Baada ya wiki 2 ni mkavu kwa kugusa lakini si kwa kusuguliwa. Nusa kwenye mfuko wa shingo: ikinukia thina, bado inakauka na bado inanywea. Harufu imekwisha tarehe 8 Oktoba.

11 Oktoba. Kusugua

Msasa wa maji namba 1000, 1500, 2000, tone la sabuni ndani ya maji. Matundu yote ya skrubu yamezibwa kwa nta ya mshumaa, kwa kuwa maji yakiingia humo mbao huvimba na klia kuinuka kama lengelenge kuzunguka tundu. Kingo hazikuguswa na 1000 kabisa. Hapo klia ni nyembamba kuliko popote, na mikono 4 ya msasa inatosha kufika kwenye mbao. Kisha dawa ya kung'arishia rangi za magari, isiyo na silikoni, kwa flana.

14 Oktoba. Kufunga

Mashimo yamebandikwa utepe wa shaba, kila kipande kikisolderiwa kwa jirani yake, na mita ya umeme ikathibitisha mkondo kutoka shimo la pikapu (kinasa sauti) ya shingo hadi ganda la jeki. Skrubu za shingo zimepitishwa kwenye sabuni kavu. Matundu yake mwilini ni milimita 5, skrubu zipite bila kung'ata, shingoni 3.2. Zikiwa zinang'ata pande zote mbili, shingo haivutwi hadi chini na inabaki uwazi usioonekana unaokula mtetemo wa nyuzi.

Mwili pamoja na klia: gramu 2,140. Nyuzi za 10 hadi 46 (unene kwa elfu za inchi) zimefungwa. Kwenye freti ya 12 nyuzi ya 1 na ya 6 ziko milimita sawa kutoka ukingoni, na vikanyagio vya daraja vimerudi nyuma kati ya milimita 1 na 4. Kiungo cha katikati, kikipapaswa kwa ukucha, hakisikiki. Kitapapaswa tena vuli zikianza.